Likizo Niliyobeba Karatasi za Nyabiyonza

Juni iliyopita, siku tuliyofunga chuo, nilikuwa ofisini nahangaika na habari za likizo. Kazi hiyo imeniangukia miaka kadhaa sasa bila mtu yeyote kunichagua rasmi. Kila likizo ndefu inapokaribia, mimi ndiye naandika maktaba itafunguliwa siku zipi, karakana itatumika hadi saa ngapi, nani anaweza kuazima vifaa, mafundi gani wa Karagwe na Kyerwa wamekubali kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na wale wasio na pa kwenda watakula wapi. Nikimaliza natuma kwenye kundi la WhatsApp, na kabla sijaweka simu mezani wanafunzi wameshanijibu kwa vidole gumba, halafu watano wananiuliza kitu kile kile nilichoandika mstari wa kwanza. Huwa nawafokea kidogo, kisha nawajibu mmoja mmoja, hata yule aliyeuliza mara mbili. Wenzangu wananicheka. Wanasema Mwalimu Odilia anaweza kumfuata mwanafunzi hadi shambani kwao Ihembe kuhakikisha tu kwamba ameliona tangazo. Wanadhani ni bidii ya kazi, na mimi sijawahi kuwasahihisha.

Siku hiyo mtu akapiga hodi, nikasema karibu bila kuinua kichwa. Akaingia mwanamke wa rika langu, mnene kiasi, amejitanda mtandio wa rangi ya boga, na nyuma yake binti mrefu aliyebana bahasha kifuani. Nikaanza maneno yangu ya kila siku, kwamba fomu za mwakani ziko dirishani kwa katibu muhtasi. Yule mwanamke akavuta kiti, akakaa. "Odilia," akasema, "umezeeka lakini haraka zako ziko pale pale." Sauti hiyo nilikuwa sijaisikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Niligeuza simu kifudifudi juu ya meza, sijui kwa nini. Alikuwa Zuhura, na yule binti alikuwa mwanawe, Mwanaidi, anayetaka kusomea umeme wa majumbani. Nilimtazama mama, nikamtazama mtoto, nikasema jambo la kipumbavu kuhusu vumbi la barabarani.

Mwaka ninaotaka kuusimulia tulikuwa na miaka ishirini, yeye na mimi, wasichana wawili peke yetu katika darasa la umeme. Upande wa Kyerwa ulikuwa bado chini ya wilaya yetu, na umeme wenyewe ulikuwa mjini tu. Huko kwetu Nyabiyonza watu walijua taa ya chemli na jua. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho bwenini, kimepakana na jiko la chuo, kwa hiyo ukuta mmoja ulikuwa wa moto tangu alfajiri na nguo zetu zote zilinuka moshi wa maharage. Kulikuwa na vitanda vinne vya chuma. Viwili vilikuwa vya wasichana wa ushonaji, lakini hao waliomba kuhamishwa baada ya mwezi mmoja, kwa sababu Zuhura alikuwa amefungua swichi ya chumba na kuitandaza vipande vipande sakafuni. Alipoirudisha haikurudi ilivyokuwa. Alivuta waya mwembamba juu ya dari, akafunga swichi mbili, moja kila kichwa cha kitanda, ili yeye au mimi tuweze kuzima taa bila kushuka. Mwalimu Kamugisha, aliyetufundisha umeme, aliligundua jambo hilo siku ya ukaguzi. Alitugombeza hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na kesho yake akalileta darasa zima la wavulana chumbani kwetu kutazama jinsi swichi za njia mbili zinavyofungwa.

Nilimpenda Zuhura. Nalisema mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri vinginevyo, na mimi mwenyewe kuna siku nafikiri vinginevyo. Baba yake, Mzee Salimu, alikuwa na duka pale senta ya kwetu, na Kiswahili chao kilikuwa kile cha babu yao aliyetoka Pangani, kinatiririka. Changu kilikuwa cha darasani, kimejaa Kinyambo. Alikuwa ananisahihisha hata nikiwa nalia. Siku moja nilipokea habari mbaya za shangazi yangu, nikasema kwa kilio neno fulani nikalikosea, akanishika bega, akanisahihisha kwa upole, kisha akalia pamoja nami. Ijumaa kutoka kwao zilikuja chapati zimefungwa kwenye gazeti na kashata za nazi ambayo sisi tulikuwa hatujawahi kuiona ikiwa nzima. Mimi nilileta ndizi, na kahawa zile za kutafuna zilizochemshwa na majani yenye harufu, ambazo kwetu mgeni hawezi kuondoka bila kupewa. Zuhura alizichukia. Alizitafuna moja moja akikunja uso, akasema anajizoeza, maana akija kufunga umeme nyumbani kwa Mnyambo atapewa tu na hatathubutu kukataa.

Maana huo ndio ulikuwa mpango, na kila mtu pale chuoni aliujua. Mzee Salimu alikuwa amemruhusu kwa shingo upande. Alimwambia mbele yangu, siku alipomleta, wakati tunashusha sanduku lake: "Nataka kuona kwa macho yangu mtu anakupa kazi ya umeme kabla mwaka huu haujaisha. Mtu wa nje, si mwalimu wako. Nisipoona, Januari unarudi dukani na hatutabishana." Zuhura akajibu, "Sawa, baba," kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi. Kozi ilikuwa ya miaka miwili na tulikuwa tunaingia wa pili. Kwa hiyo likizo ile ya kiangazi, kuanzia Juni, ndiyo iliyokuwa na uzito wote. Wakati huo ndipo mafundi wa nje walipokuwa wakiomba wanafunzi. Akipata, anamaliza chuo. Akikosa, basi.

Mimi sikuwa na sharti la namna hiyo, na labda ndiyo maana jambo nililokuja kulisikia lilinichoma bila sababu ya msingi. Mwezi wa Mei nilikuwa zamu ya jikoni, nimeketi nje namenya ndizi chini ya dirisha la ofisi ya walimu, mikono imejaa utomvu. Ndani Mwalimu Kamugisha alikuwa anazungumza na katibu muhtasi, Mama Justa. Mama Justa akauliza kwa nini asipelekwe Odilia kwa fundi wa nje, maana ndiye anayeongoza mitihani. Mwalimu akacheka kidogo. "Odilia ana kitabu," akasema. "Zuhura ana mikono. Kitabu nitakipata kwa yeyote." Halafu wakaendelea na habari za mashine ya kudurufu iliyoharibika. Niliendelea kumenya. Kumbuka kwamba alichosema kilikuwa kweli, na nilikijua kabla hajakisema. Nilipoingia chumbani nilimkuta Zuhura amenifulia sare yangu, nikamshukuru, na nilikuwa na hasira naye hadi usiku, hasira isiyokuwa na mahali pa kukaa. Asubuhi hasira ilikuwa imekwisha. Angalau nilidhani imekwisha.

Chuo kilifungwa na wanafunzi wakatawanyika bila karatasi za likizo, kwa sababu ya mashine ile ile. Mimi nilibaki wiki moja zaidi kumalizia zamu. Siku hizo hapakuwa na simu za kutegemea, kwa hiyo utaratibu wa chuo ulikuwa huu: habari za likizo zinadurufiwa, mwanafunzi mmoja wa kila kata anabeba nakala, anazipeleka zinakosomwa matangazo, na baadaye anarudisha moja imesainiwa kwamba imesomwa. Ijumaa mashine ikapona. Mama Justa akanipa za Nyabiyonza, bado zinanuka wino. "Moja ya kigango cha Katoliki, moja ya Walutheri, moja bandika ofisi ya kata," akasema. "Hizo zinatosha kata nzima." Nilizisoma njiani. Kurasa mbili zimejaa: maktaba Jumanne na Alhamisi, wanafunzi wa ushonaji wanaweza kutumia cherehani za chuo hadi adhuhuri, wa useremala waazime randa kwa barua ya mwenyekiti wa kijiji, wa kilimo waangalie mnyauko wa migomba na kuandika wanachoona. Chini kabisa iliandikwa kwamba mkandarasi anayefunga umeme katika kituo cha afya kipya upande wa Kyerwa anahitaji mwanafunzi mmoja. Aliyechaguliwa ni Zuhura Salimu. Afike chuoni Jumatano kabla ya saa sita mchana, gari litaondoka. Asipofika, nafasi itakwenda kwa Odilia Rwegasira.

Niliyasoma majina yetu mawili mara nyingi sana. Ninapojaribu kukumbuka nilihisi nini, nakumbuka vitu vya pembeni tu: kiatu changu cha kushoto kilikuwa kimefunguka, na kulikuwa na mwanamke kando ya njia ameanika kahawa juu ya mkeka, anafukuza mbuzi kwa khanga. Nadhani nilifurahi kwa ajili yake. Nadhani pia nilisema jina langu kwa sauti.

Kwetu tangazo lina mwenyewe. Ukishalikabidhi kwa katekista ni lake hadi Jumapili, na Katekista Leopold alikuwa mkali katika hilo kuliko katika amri kumi. Akisikia jambo limeshazunguka senta kabla hajalisoma, anakunja karatasi na kukurudishia mbele ya waumini wote. Alishamfanyia hivyo mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Ijumaa jioni nilipompelekea, nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Katekista," akajibu, "Milele amina, mwanangu," akaipokea kwa mikono miwili, akasogea kwenye mwanga wa mlango, akasoma ukurasa wa kwanza akitikisa kichwa. Kisha akaniuliza, "Umemwambia mtu?" Nikasema hapana. "Usimwambie mtu," akasema.

Jumamosi nilitumwa chumvi na sabuni, nikaenda dukani kwa Mzee Salimu. Nyumbani hadi pale ni mwendo wa dakika ishirini. Zuhura alikuwa nyuma ya meza, anapima sukari kwa mteja, akaniona, akaniachia tabasamu na kuendelea kupima kwa sababu alikuwa hawezi kufanya kazi nusu nusu. Mteja alipoondoka akazunguka meza akanikumbatia, mikono yake imejaa chembechembe za sukari. Tukacheka sikumbuki nini. Kisha akauliza, "Kuna habari za chuo?" Nakala ya Walutheri na ya ofisi ya kata, ambazo nilikuwa bado sijazifikisha, zilikuwa ndani ya kikapu changu, chini ya kitenge. Nikasema, "Bado."

Neno hilo moja nimelizungusha kichwani miaka yote hii. Kuna siku naona lilikuwa neno la mtu mtiifu aliyeambiwa na katekista asiseme. Kesho yake lingesomwa. Kuna ubaya gani kungoja kesho? Lakini nilikuwa najua vizuri kwamba Zuhura si wa kigangoni wala si Mlutheri. Hapo kwetu aliyekuwa mwanafunzi wa chuo na Mwislamu alikuwa ni yeye peke yake. Nilijua, na papo hapo sikujua. Sisi kwetu tuliposema "watu wote wamesikia" tulimaanisha wale waliokuwa kanisani, na tulisema hivyo hata tukiwa tumesimama ndani ya duka la Mzee Salimu. Hakuna aliyeona kasoro. Hata Mama Justa hakuiona, naye alimjua Zuhura kwa jina na kwa dini. Basi najiuliza kama nilisahau kwa sababu wote tulikuwa tunasahau hivyo, au kama nilipata mahali pazuri pa kujificha.

Jumapili Katekista Leopold alisoma kila kitu, polepole, akitafsiri kwa Kinyambo pale alipoona uzito. Alipofika kwenye cherehani akasimama, akavua miwani, akaeleza kwa maneno yake mwenyewe kwamba chuo kinatoa cherehani hadi adhuhuri. Minong'ono ikapita upande wa wanawake. Jina la Zuhura likasomwa, na langu, na watu wakageuka kunitazama. Baada ya ibada waumini waliteremka kuelekea senta kama kila Jumapili, na mimi nikabaki kupata saini yake. Akaandika pia kwa mkono wake: Limesomwa na watu wote wamesikia.

Jumatatu kabla sijanawa uso walikuwa wameshafika kina mama watatu uani, wamevaa nguo za kanisani. Mkubwa wao alikuwa Mama Verdiana, jirani yetu wa bondeni. Wakapewa viti, wakapewa kahawa za kutafuna, tukasalimiana kirefu. "Sasa, mwanangu," akasema Mama Verdiana, "hizo cherehani tunazifuata wenyewe au zinaletwa?" Nikamweleza kwamba ni za wanafunzi wa ushonaji, za kutumia pale pale chuoni. Akanisikiliza kwa heshima hadi mwisho. "Ndiyo, waitu," akasema, kwa lile neno letu la heshima, "lakini sisi tutarudisha. Katekista kasema mwisho adhuhuri." Wakaja wengine. Kufikia mchana nilikuwa nimeshaeleza mara tisa, na babu mmoja alitaka randa. Nilicheka siku hiyo hadi mbavu zikauma. Jumanne ilikuwa ya kuchuma na kuanika, na jioni nilikuwa nageuza kahawa kwenye chanja iliponijia wazi kabisa, kwa maneno kama mtu amenisemea sikioni: Zuhura hasali kigangoni.

Niliacha kugeuza. Nilinawa miguu, nikavaa viatu. Jua lilikuwa bado liko juu ya migomba, kulikuwa na muda wa kwenda na kurudi. Halafu nikavua viatu. Nilijiambia nitapita asubuhi nikiwa njiani kwenda chuoni kurudisha karatasi, tutaondoka wote. Asubuhi lilipita gari la kahawa, dereva akanifahamu, akasema panda. Gari lile lilikwenda kwa njia ya chini, ambayo haipiti senta. Nilikuwa nimeshapanda nilipolikumbuka hilo. Ningeweza kuomba kushuka, na nakumbuka nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia dereva. Nilikuwa bado nayatafuta tulipofika chuoni saa tatu.

Mwalimu Kamugisha alikuwa amesimama karibu na gari dogo la mkandarasi. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Mwenzako yuko wapi?" Nikamkabidhi karatasi. "Tangazo lilisomwa Jumapili, Mwalimu," nikasema. Akalisoma lile neno la katekista, akaikunja karatasi mara nne. Tulingoja. Mama Justa akaleta chai. Saa sita ikapita, mwalimu akamwomba dereva robo saa nyingine, ikapita nayo. "Sijui amepatwa na nini huyu binti," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia kweli. Kisha akanitazama. "Haya, Odilia. Panda."

Nilikaa Kyerwa hadi mwisho wa Agosti. Nililala katika chumba kitakachokuwa stoo ya dawa, katikati ya mabomba ya plastiki na mizunguko ya waya, na tulikula ndizi kwa dagaa tukiwa tumekalia makopo ya rangi. Mafundi walinitania wiki ya kwanza, wiki ya tatu wakawa wananiachia saketi nzima niifunge peke yangu. Siku tuliyowasha chumba cha kujifungulia, nesi mmoja alipiga vigelegele na mimi nilitoka nje nikalia kwa raha. Ningependa kuandika kwamba kila nilipokaza skrubu nilimkumbuka Zuhura. Sivyo. Nilikuwa na furaha, na kwa wiki nyingi nilikuwa simkumbuki kabisa.

Tulipofungua chuo kitanda chake kilikuwa chuma kitupu. Mama Justa akanieleza kwamba alifika Jumatano ile saa saba kasoro, vumbi hadi kwenye nyusi, na begi. Aliuliza nani ameondoka na gari. Alipoambiwa, akaomba maji, akanywa, akakaa kidogo kwenye benchi, akaenda zake. Jumapili iliyofuata nilikwenda dukani. Mzee Salimu alinipokea vizuri, akanimiminia chai ya tangawizi, akaniambia Zuhura yuko Kituntu kwa shangazi yake, anamsimamia duka. Hakunilaumu. "Wewe ulikuwa rafiki yake sana," akasema. Nilimwomba amfikishie salamu, nikanywa chai yote ingawa ilikuwa imeniunguza ulimi. Kituntu si mbali. Sikwenda mwaka ule, wala uliofuata, na baada ya hapo nikasikia ameolewa na mfanyabiashara wa Bukoba.

Kwa hiyo Juni iliyopita, nilipomwona kwenye kiti cha ofisi yangu, nilikuwa na hotuba ambayo nimeiandaa nusu ya maisha. Nilimtuma Mwanaidi akaangalie karakana. Nikafunga mlango. Nikamwambia Zuhura yote: dirisha la ofisi ya walimu, karatasi ndani ya kikapu, "bado", viatu nilivyovaa na kuvua, gari la kahawa. Nikamwambia sijui kama nilisahau au nilifanya makusudi, kwamba nimejichunguza hadi nimechoka na bado sijui, na kwamba kwa vyovyote vile yeye hakupata habari kwa wakati na kosa ni langu. Yeye alikuwa ananisikiliza huku akichezea pindo la mtandio.

"Lakini habari nilipata," akasema.

Sikumwelewa.

"Jumapili. Saa saba mchana nilikuwa nimeshaambiwa na watu sita. Mama Verdiana alikuja kununua mafuta ya taa, akanipongeza, akaniuliza na habari za cherehani." Akanitazama jinsi nilivyoduwaa. "Odilia. Sisi tulikuwa na duka."

Watu wote waliotoka kigangoni waliteremka senta, kama kila Jumapili, kununua chumvi, sukari, kiberiti. Ningewezaje kutolifikiria hilo hata mara moja, mimi niliyeyafikiria mengine yote? "Sasa kwa nini ulichelewa?" nikauliza. Swali lilitoka kwa ukali, utadhani mimi ndiye niliyekosewa.

"Waliniambia karatasi ulileta wewe, tangu Ijumaa," akasema. "Na Jumamosi ulikuwa umesimama mbele yangu nikakuuliza. Nikasema, hapana, ana sababu, atakuja mwenyewe kuniambia. Jumatatu nikakaa mlangoni. Jumanne baba akaniuliza mbona sifungi begi, nikamwambia namngoja Odilia tuondoke wote. Jumatano nikangoja hadi saa tatu." Akalikunja pindo la mtandio. "Ningeweza kwenda. Najua. Baba alinishangaa hadi anakufa, alidhani niliogopa kazi. Lakini nilikuwa sitaki kwenda kabla hujaja. Sijui niite nini. Utoto."

Nje wanafunzi walikuwa wanaagana, wanaburuta masanduku. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa karibu kwenda, Jumanne ile, kwamba nilikuwa nimeshavaa viatu, lakini hilo nilikuwa nimeshalisema. Nilitaka pia kumlaumu, na nilijua sina haki, na bado nilitaka. Miaka yote nilidhani nimebeba jambo moja, kumbe sikujua hata lilikuwa jambo gani.

Zuhura akainama mezani, akaishika mikono yangu yote miwili. Hakuwa amekasirika. Kama angekuwa na hasira ningejua nifanye nini.

"Niambie kitu kimoja tu," akasema. "Jumatano ile, kama ungeniona natokea pale getini kabla ya saa sita, ungefurahi?"

Ni swali la ndiyo au hapana. Nilifungua mdomo, na kabla neno halijatoka yeye alikuwa ameshaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake, akaachia mikono yangu na kusimama kwenda kumtafuta mwanawe.